Omollo Hakuvaa Suti

Kijitabu cha mazishi kilikuwa mezani kwa Adoyo, mtaani Pioneer, Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, kimelazwa kando ya birika la chai. Jina lilikuwa sawa: Joshua Omollo. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa sawa, na mwaka wa kufa, na msalaba na maua ya kuchorwa pembeni. Lakini katikati kulikuwa na mwanamume wa suti ya bluu na tai, mashavu yamejaa, ananitazama kama mtu wa benki aliyeamua kuninyima mkopo kabla sijaketi.

"Adoyo," nikasema, "huyu ni nani?"

"Si ni Omollo."

"Huyu si Omollo. Huyu ni Isaiah ndugu yenu."

Akakichukua akakisogeza mpaka karibu kiguse pua. Adoyo ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na tangu ndugu yake afe Jumapili alikuwa amelia mpaka hata ule mwanga kidogo uliobaki ukafungana. Aliangalia, akageuza kwenye dirisha, akaangalia tena.

"Isaiah ndiye alituma picha kutoka Nairobi," akasema. "Aliniambia, dada, usijisumbue, nimeshughulikia."

"Ameshughulikia kwa kutuma yake?"

"Hao walifanana, Ng'ang'a. Hata mama alikuwa anamwita mmoja kwa jina la mwingine."

Nikaweka kikombe chini. Kufanana! Nilitembea na Omollo miaka ishirini na sita. Tulitengeneza mashine za posho kutoka Burnt Forest mpaka Moi's Bridge, tukalala juu ya magunia ya watu, tukafukuzwa na mbwa wa watu, tukala ugali wa unga ambao sisi wenyewe tulikuwa tumetoka kuusaga kwa majaribio. Alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, meno mawili ya mbele hayako. Huyu wa suti hajawahi kushika hata spana. Na kesho Jumamosi, kule kwao Nyakach, Omollo angeshushwa kaburini huku watu mia tatu wameshika uso wa mtu mwingine ambaye anaishi, anapumua, na amekuja na gari lake.

"Hii imeshachapishwa yote?" nikauliza.

"Hii ni moja ya kuangalia. Zingine zitachapishwa leo saa tano, kwa yule msichana wa Chepkoilel aliyefungua duka nyuma ya stendi. Gari la maiti linatoka mochari saa nane."

"Na ile ya WhatsApp? Ile tangazo la tangu Jumatatu?"

"Ni picha hiyo hiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kilichokuwa kimenichoma roho wiki nzima. Siku nne za maombi pale nyumbani, waliokuja ni watu wa kanisa la Adoyo na marafiki wa Isaiah wenye viatu vya kung'aa. Hakuna mtu hata mmoja wa mashine. Hakuna mtu wa Turbo, wala Ziwa, wala Burnt Forest. Mimi nilikuwa nimewalaani moyoni, kusema kweli. Nilisema, tazama hawa watu, mtu amewaokolea unga miaka yote hiyo na hawawezi hata kuja kuketi nusu saa.

Nikaomba simu ya Adoyo nikampigia Waiyego, mama mwenye mashine ya posho pale Burnt Forest. Namba yake naijua kwa kichwa. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Waiyego, hujasikia habari ya Omollo?"

"Omollo gani?"

"Fundi."

"Fundi amefanya nini? Mwambie nimechoka kumngoja! Ile beringi inalia tena kama mbuzi."

"Fundi alikufa Jumapili."

Nikamsikia akimpigia mtu kelele, "Zima! Nimesema zima!" na ile mashine ikashuka, ikashuka, ikanyamaza.

"Ng'ang'a," akasema, "niliona tangazo la mtu wa suti. Joshua nani sijui. Nikaandika poleni, nikapita. Ningejua aje? Sisi hata hatukujua anaitwa Joshua."

Basi kama Waiyego alipita, wote walipita. Wote waliona mgeni amekufa. Nikamwambia Adoyo avae viatu.

Picha moja ilikuwako, na ilikuwa kwangu. Omollo mwenyewe alikuwa na simu ndogo ya kubonyeza isiyo na kamera, hakuoa, na kitambulisho chake kilikuwa kimeshachukuliwa ofisini wakati wa kutafuta kibali cha mazishi. Lakini mimi nilimpiga picha mwezi wa tatu, na baadaye simu yangu ikaanguka ndani ya ndoo ya dizeli ikafa papo hapo. Kilichopona ni memori kadi, kile kibati cheusi kidogo kama ukucha. Nilikuwa nacho ndani ya kofia ya kalamu, kalamu mfukoni. Nilijua picha iko huko ndani. Kilichobaki ni kuitoa tu, na nani asingeweza kutoa picha kwenye kadi mwaka huu wa leo?

Tulifika kwa Jemutai, yule msichana wa kuchapisha, saa tatu unusu, mimi na Adoyo tumebanana kwenye tuktuk. Duka lake ni chumba kimoja, printa mbili kubwa, kompyuta moja, na kalenda ya kanisa. Jemutai mwenyewe ni msichana wa kama miaka thelathini, anaongea haraka lakini mikono yake haina haraka.

"Aki pole sana, Mama," akamwambia Adoyo. "Nilidhani picha ni sawa. Huyo mzee aliyetuma alisema ni final."

"Huyo mzee aliyetuma ndiye aliye kwenye picha," nikasema.

Akafunika mdomo. "Mnaona! Na nimekaa naye hapa kwa skrini siku mbili, nikampunguza hata mng'ao kwa paji la uso."

Simu yake haikuwa na mahali pa kutia kadi. Ya Adoyo pia. Siku hizi simu wanazifunga kama mitungi ya gesi, mwenyewe hana ruhusa ya kujua ndani kuna nini. Jemutai akatoa droo, akachukua kile kidude cha kusomea kadi, card reader, kipande cha plastiki kisichozidi kiberiti, akaingiza kadi yangu, akakichomeka kwa kompyuta. Taa ya bluu ikawaka. Ikazima.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa aje na haijaulizwa kitu?"

Akakitoa akakichomeka nyuma ya kompyuta, kwenye mashine yenyewe, sio pale juu ya meza ambapo waya nyingi zilikuwa zinagawana moto mmoja. Taa ikawaka ikabaki. Nikafurahi. Tukangoja. Kwenye skrini hakuna kilichotokea, ila Isaiah na suti yake.

"Hii yangu ni Linux, Mzee," Jemutai akasema, kama mtu anayekiri kwamba ng'ombe wake anapiga teke. "Si ile Windows inayoendesha kompyuta za kila mtu. Niliiweka kwa sababu flash za wateja zinakuja na virusi, na hii haishikwi nazo. Tena ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kila mahali, mtu yeyote anaweza kuifungua aone imeundwa aje. Lakini siku ingine inaamua hivi. Nenda hapo chini kwa Wahome, yeye ana Windows. Akutolee picha aweke kwa flash, uniletee."

Adoyo akabaki kwa kiti. Mimi nikashuka ngazi.

Kwa Wahome kulikuwa na vijana watano wanangoja kuchapishiwa barua za kazi. Wahome ni mtu mnene mwenye sauti ya mnada. Card reader yake ilikuwa imefungwa kwa selotepu, ya zamani mpaka rangi imetoka. Akatia kadi. Mara kwenye skrini kukatokea kidirisha, na Wahome akapeleka mkono kwa mausi bila hata kusoma.

"Guka," akasema, kuniita babu, "hii ni dakika moja. Inataka tu format."

"Format ndiyo nini?"

"Ni kuisafisha. Inaanza upya, inakuwa kama mpya."

"Na picha?"

"Picha zinaenda. Lakini kadi inapona."

Nilimpiga kofi mkononi kabla kidole hakijashuka. Vijana wakaangua kicheko. Nikachomoa kadi yangu mwenyewe.

"Guka!" Wahome akasema, akijishika mkono. "Hiyo kadi imekufa. Mambo ya kadi wachia watoto."

"Wewe ni daktari gani unasema mtu amekufa na hujashika hata mshipa?"

"Skrini ndiyo imesema."

"Skrini imesema haielewi. Kutoelewa na kufa ni kitu kimoja? Basi wewe ulikufa zamani."

Vijana walicheka tena, sasa upande wangu, lakini sikukaa kufurahia. Nilipanda ile ngazi nimekasirika mpaka magoti yakasahau kuuma. Hebu fikiria. Uso wa mwisho wa mtu, uso mmoja tu duniani, na mwingine anaenda kuufuta kwa sababu kidirisha kimemwambia bonyeza. Na angenitoza kwa kazi hiyo.

Saa nne na robo.

"Jemutai," nikasema, "sitaki kwenda pengine. Utaifungua wewe hapa. Hebu niambie, mashine ikichomekewa kitu, kuna mahali inaandika kwamba imeona kitu?"

Akanitazama. "Kwa nini unauliza?"

"Mashine ya posho ikikataa, hatuanzi kwa kusema imekufa. Tunafuata. Injini inazunguka? Mkanda unazunguka? Jiwe linazunguka? Pale mzunguko unapoishia ndipo pana ugonjwa. Taa imewaka, kwa hivyo moto unafika. Sasa nataka kujua unaishia wapi."

Akafikiri kidogo, kisha akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, maandishi tu. Akaandika neno, akabonyeza. Mistari ikamiminika kama mtama kutoka kwa gunia lililopasuka. Kizungu nasoma kile cha kuokota, darasa huku, darasa kule, kingine nilisoma kwa vibati vya injini. Lakini namba ni namba. Nikavaa miwani nikasogea.

"Rudi juu. Pole pole. Hapo! Hiyo ni nini, sitini na tatu nukta tisa?"

"Ni ukubwa wa... ngoja. Kadi yako ni ya ngapi?"

"Imeandikwa sitini na nne. Lakini hakuna muuzaji asiyepunja kidogo."

Jemutai akaruka kwa kiti. "Mzee! Imeiona! Card reader ni mzima, kadi ni mzima, hata inajua ukubwa wake. Shida iko mbele." Akaandika amri ingine, ya kuifungua kwa nguvu, na mashine ikamjibu kwa mstari mmoja mfupi. Akajipiga paji la uso. "Haki ya nani. Nimekuwa mjinga asubuhi yote."

"Inasema nini?" Adoyo akauliza kutoka kwa kiti.

"Inasema haijui mwandiko, Mama. Hizi kadi kubwa zinapangwa kwa mtindo wake. Hii Linux yangu ni ya miaka, sijaiongezea kitu, haijafundishwa huo mtindo. Ni kama umempa mtu barua na hajui hizo herufi."

"Na ya Wahome?"

"Ya Wahome shida ni ile card reader yake. Ni ya kitambo, kadi ya ukubwa huu haiwezi. Inagusa kitu, haielewi, basi inataka kufuta."

"Inataka kufuta kile haielewi!" nikasema. "Na kuna mtu alikaa akaiunda iwe hivyo!"

"Yangu angalau imesema haijui," Jemutai akasema, na akaipangusa skrini kidogo kwa kiganja, kwa heshima.

Dawa ilikuwa kifurushi kimoja kidogo, akasema, cha kuchukua kwa mtandao, bure, kazi ya dakika mbili. Lakini mtandao wa jengo ulikuwa umekatika tangu jana, watu wa kuchimba mtaro wamekata waya. Jemutai akaunganisha simu yake na kompyuta kwa waya ya chaji ili itumie bando za simu. Akaandika amri. Mashine ikajibu kwamba haiwezi, mlango umefungwa kwa ndani, kuna kazi ingine inaendelea.

"Kazi gani? Nani anafanya kazi?"

"Ni yenyewe, Mzee. Imeona mtandao umekuja, imeanza kujisasisha."

"Nani ameiambia?"

"Hakuna. Inajiambia."

"Mwambie iache!"

"Nikiizima katikati inaweza kukataa kuwaka tena. Na hivyo vijitabu vyote viko humu ndani, na maneno ya eulogi ya marehemu, na nyimbo."

Saa tano kasoro dakika ishirini. Tukakaa watu wazima watatu tunaangalia mstari mmoja ukijaa pole pole, na bando zinaisha kwa kitu ambacho hakuna mtu aliyeagiza. Mimi siwezi kukaa, si mtu wa kukaa. Nilitembea kutoka printa mpaka mlango, kutoka mlango mpaka printa, mpaka Jemutai akaniambia, "Mzee, unanipa kizunguzungu." Bando zake zikaisha mstari ukiwa robo tatu. Akachomoa simu yake akachomeka ya Adoyo.

Na ikiwa imechomekwa hivyo, simu ikalia. Ilikuwa Isaiah. Adoyo akaweka sauti ya nje.

"Dada, uko wapi? Niko Nakuru. Nimepigia watu wa kuchapisha hawashiki. Nani anawazuia huko?"

"Ni mimi," nikasema. "Ng'ang'a."

"Ng'ang'a nani?"

"Wa Omollo. Picha uliyotuma si yake."

"Ah. Mzee, sikia. Najua una uchungu. Lakini picha ni picha tu. Watakuja wakubwa wangu wa kazini, watakuja watu wa kanisa. Tunataka kitu cha heshima."

"Isaiah, wewe umekufa?"

"Nini?"

"Nauliza kama umekufa. Maana kesho ndiwe unazikwa. Nimeona kijitabu."

Jemutai alijifanya anaokota kitu chini ya meza.

"Haya," Isaiah akasema, sauti imeshuka. "Kama mko na picha yake, mwambieni huyo msichana achukue kichwa tu. Akiweke kwa suti yangu. Mastudio hufanya hivyo, haionekani."

"Kichwa tu!" nikasema. "Kama cha mbuzi!"

"Isaiah," Adoyo akasema, na hakuinua sauti, "tutaongea ukifika." Akakata.

Mstari ulijaa. Jemutai akaandika amri yake tena, na safari hii mlango ukafunguka. Kile kifurushi kilikuja chepesi hivi, kabla hata hatujavuta pumzi. Tulikuwa tumeumizwa asubuhi yote na kitu kidogo kuliko wimbo mmoja. Akachomoa card reader, akaichomeka tena. Taa ya bluu. Na pembeni mwa skrini kukatokea alama ya kadi, na ndani yake folda, na ndani ya folda vijipicha vidogo vidogo: trekta la mtu, mkono wangu, mkono wangu tena, beringi iliyopasuka, na Omollo.

Jemutai akamfungua akajaa skrini yote.

Alikuwa ndani ya mashine ya Waiyego. Unga umemfunika nyusi, kope, ndevu, mpaka alionekana mzee kuliko umri wake na kijana kuliko umri wake kwa pamoja. Kola imefunguka. Mkono mmoja umeshika spana juu, kama mtu anayeapa. Na anacheka, mdomo wote, ule mwanya wa meno mawili uko wazi, macho yamefinyika mpaka hayapo.

Adoyo akainuka kwa kiti, akaja akishika meza, akaweka uso wake karibu na skrini mpaka mwanga ukampaka mashavu.

"Mkuze," akasema.

Jemutai akamkuza.

"Mkuze tena. Tena." Mpaka skrini nzima ikawa mdomo na jicho moja. Adoyo akapitisha kidole pale kwenye mwanya. "Haya meno yalitoka kwa ngumi," akasema. "Alinipigania, nikiwa nafanya kazi kiwandani. Mwaka huo Isaiah alikuwa hata hajaanza shule." Kisha akalia, lakini si kile kilio cha wiki nzima. Kilikuwa na kicheko ndani yake.

Jemutai akangoja, kisha akauliza pole pole, "Mama, nimuweke kwa suti?"

"Suti ya nini?" Adoyo akasema, akijipangusa na leso. "Omollo hakuvaa suti hata ya kukodisha. Weka hivyo hivyo na unga wake. Na kwa jina, chini ya Joshua, andika Fundi."

Printa ziliwaka saa tano na nusu. Wakati zinapiga kelele Jemutai aliituma ile picha kwa simu ya Adoyo, na Adoyo akamtumia Waiyego, na Waiyego akawatumia wengine, sijui wangapi. Najua tu kwamba kabla kijitabu cha mia hakijatoka simu ya Adoyo ilikuwa haishikiki. Kumbe ni Fundi! Kumbe ni yeye! Mbona hamkusema? Wengine walinitukana mimi, wakanitukana sana, kwamba nimewaficha. Niliwajibu wote kwa ukali ule ule. Mwambieni Isaiah, nikasema, mimi sikuchapisha suti.

Kufika saa saba unusu kule mochari, pikapu mbili zilikuwa zimetoka upande wa Burnt Forest, moja bado na magunia. Walikuja wa Turbo kwa pikipiki. Wengine hata hawakuwa wamenawa, unga uko mikononi. Waiyego alikuwa amefunga mashine yake siku ya soko, kitu ambacho sijawahi kuona akifanya kwa ajili ya mtu yeyote.

Isaiah alifika saa nane kasoro, suti nyeusi sasa. Alitoka kwa gari, akapewa kijitabu kama kila mtu. Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, na yalikuwa maneno mazuri, yale ambayo mtu hayasahau. Lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa amekishika kile kijitabu kwa mikono miwili na hakufungua hata ukurasa, anaangalia jalada tu. Watu walimpita pande zote mbili.

"Wewe ndiye Ng'ang'a," akasema mwishowe.

"Ndiye mimi."

"Sina picha yake hata moja." Alisema hivyo kama mtu anayetaja ugonjwa. "Siku ile ya Jumapili nilitafuta kwa simu, kwa kompyuta, kwa albamu ya arusi yangu. Hayuko. Kumbe arusi hata hakuja, au alikuja nikamweka nyuma, sikumbuki. Niliona aibu kumwambia dada kwamba sina. Nikaangalia picha yangu nikasema, si tunafanana."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani? Hata jina lako nimelijua leo kwa simu."

Yale maneno yangu mazuri hayakupata pa kushika. Hiyo ndiyo ilinikasirisha zaidi ya yote. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mwenye kiburi, na sasa nimepewa mtu mzima machozi yanamdondokea tai, na hasira yangu yote bado nimeibeba mikononi, sina pa kuiweka.

Dereva alipiga honi. Jeneza lilikuwa limeshaingizwa, na watu wa mashine walikuwa wamejipanga kwenye viti vya kando, wanabanana, kijitabu kila mmoja kifuani.

"Mzee," Isaiah akasema, "alikuwa anacheka nini hapa?"

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia hiyo haimhusu, kwamba miaka ishirini na sita haigawanywi mlangoni mwa mochari. Nikaona Adoyo ananitazama kutoka ndani ya gari, au anatazama upande wangu, na macho yake yale.

"Gari lako mpe mtu akuendeshee," nikamwambia. "Panda huku nyuma na sisi. Nitakwambia, kuanzia mwanzo, na ni mbali. Lakini usinikatize, kwa sababu mimi bado nimekasirika na nitaendelea hivyo mpaka Kapsabet."

Akapanda. Waiyego akajisogeza kidogo, akampa nafasi.